Mtaalamu anamjibu mtaalamu mwenzake, aliyeuliza anabaki palepale

Saa tatu usiku, grupu la WhatsApp la mtaa, dada mmoja anaandika: "Habari za usiku wakuu, mdogo wangu ana homa leo siku ya nne, kapimwa hapa dispensari malaria hakuna ila wamesema typhoid 1:160, wamempa sipro za siku kumi, naombeni ushauri hii dozi ni sawa?" Humo kuna madaktari wawili, kuna mtu wa maabara, kuna na nesi mstaafu, yaani ungesema amepata bahati. Dokta wa kwanza anajibu kwamba taita moja ya Widal (ndicho hicho kipimo cha typhoid) bila pea sera haina thamani ya kidaiagnosi kwenye eneo endemiki. Dokta wa pili anamwambia mwenzake hapana, inategemea ni O au H na katiofu ya eneo husika. Mtu wa maabara naye anaingia, wamepima kwa slaidi au kwa tyubu, maana hivyo ni vitu viwili tofauti. Wanavutana mpaka saa tano, PDF mbili zinatupiwa, wanaheshimiana vizuri tu, na wote watatu wanachosema ni kweli. Dada anaandika "asanteni sana" anakaa kimya.

Haya mazungumzo nimeyaunganisha kutoka kwenye mengi ili nisimuanike mtu, ila ukikaa kwenye magrupu ya aina hii utayatambua. Na kinachofuata pia utakitambua, kuna mtu humohumo anamfuata inbox, "pole sana dada, mgonjwa ana umri gani, anakula? nina unga wa asili unatoa typhoid sugu kwenye damu ndani ya siku saba", na kesho yake anapiga simu kuuliza mgonjwa kaamkaje.

Sasa tukisema wananchi wanapenda kudanganywa tunakuwa tunawaonea. Huyu dada aliuliza swali zuri sana, akataja siku za homa, akataja vipimo, akataja na dawa, wagonjwa wangapi wanafika mbele ya daktari na maelezo yaliyonyooka hivyo? Tatizo ni kwamba watu watatu wenye majibu walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe juu ya kichwa chake, na mtu mmoja asiye na jibu ndiye aliyemgeukia.

Kuna sababu inayofanya hivi na sidhani ni majivuno, au niseme majivuno ni sehemu ndogo. Chumba cha daktari kina watu wawili. Grupu lina watu mia mbili na hamsini, na daktari akiandika pale hajui nani anasoma, anaweza akawa bingwa, anaweza akawa mwalimu wake wa chuo, anaweza akawa mwanafunzi wa mwaka wa nne mwenye hamu ya kumkosoa mtu. Kwa hiyo anaandika sentensi ambayo hao hawataweza kuipinga. Anaweka masharti yote, anaweka istilahi yenyewe kama ilivyo kitabuni, na akimaliza amejikinga vizuri, ila dada wa watu hana cha kufanya nacho. Ukisoma majibu mengi ya wataalamu mtandaoni kwa kujiuliza tu "huyu anaongea na nani hapa" utaona wanaongea na wenzao wanaowaangalia.

Halafu kuna hii ya masomo. Mtu aliyesomea udaktari Tanzania kaanza kusoma baiolojia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kila kitu kinachohusu kingamwili, bakteria, vipimo, kakipokea kwa Kiingereza, kakijibia mtihani kwa Kiingereza, na aliyekuwa anamsahihisha ni profesa anayekijua kuliko yeye. Kiswahili alichozoea nacho kazini ni cha kuuliza, unaumwa wapi, tangu lini, unatapika? Cha kueleza KWA NINI kipimo hiki hakitoshi hajakifanyia mazoezi sana, na akikaa na simu saa tatu usiku baada ya zamu ndefu, kinachotoka haraka ni kile kilichokaa kichwani tayari. Namuelewa kabisa. Lakini kumuelewa hakubadilishi kitu kwa mgonjwa mwenye homa siku ya nne.

Hebu tuandike jibu ambalo lingemfaa, tuone linachukua nafasi kiasi gani:

"Pole sana dada. Hicho kipimo peke yake hakitoshi kusema mdogo wako ana typhoid. Kinaangalia kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa zamani au imeletwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ila pia hakisemi kwamba hana. Homa ya siku nne inataka daktari aiangalie upya, kwa hiyo kesho asubuhi mpelekeni kituo kikubwa kidogo, muombe malaria irudiwe na muulize kama wana uwezo wa kuotesha damu, yaani kutafuta wadudu wenyewe kwenye damu. Kama ameshaanza sipro msiache wenyewe, mwambieni daktari ameanza lini maana inaathiri majibu ya kuotesha. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, tumbo kuuma sana na kuwa gumu, choo chenye damu au kupumua kwa shida, msisubiri asubuhi."

Basi. Hakuna taita, hakuna pea sera, hakuna O wala H. Lakini angalia vizuri, hakuna kilichosemwa pale ambacho madaktari wale wawili wangekataa. Mambo yote waliyokuwa wanabishania yamo kwa chini, yamebeba hilo jibu. Kwamba kipimo kimoja hakitoshi, hiyo ndiyo pea sera, maana kitaalamu Widal inatakiwa irudiwe baada ya siku kama kumi hadi kumi na nne uone kama kiwango kimepanda mara nne. Kwamba kinga inaweza kuwa ya zamani au ya ugonjwa mwingine, ndiyo hiyo habari ya eneo endemiki, yaani eneo ambalo ugonjwa upo siku zote, na katiofu, yaani kiwango ambacho kikivukwa ndipo majibu yanahesabiwa. Kipimo chenyewe kinatumika tangu 1896 na udhaifu wake unajulikana miaka mingi sana, hakuna siri hapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kusema kwa huyu dada, nimekusikia, hii ndio maana yake kwako, na kesho fanya hivi.

Najua kinachokuja hapa. Wataalamu wengi wanakwambia ukirahisisha unapotosha. Hii hoja naiheshimu kwa sababu inatoka mahali pazuri, mtu anaogopa kusema uongo. Lakini kuacha vitu na kusema uongo ni mambo mawili, na mfano mzuri upo kwenye duka la dawa lililo karibu na wewe.

Nenda kachukue dawa ya mseto ya malaria, ile ALU ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwishoni mwa 2006. Mtu mzima anapewa vidonge 24. Muuzaji anakushikia pakiti anakuonyesha kwa kidole, vinne meza sasa hivi, vinne baada ya masaa nane, halafu kesho vinne asubuhi vinne jioni, keshokutwa hivyohivyo, kula kwanza kitu chenye mafuta hata maziwa, na ukijisikia nafuu usiache. Sekunde thelathini. Nyuma ya hizo sekunde thelathini kuna famakolojia nzito, mle ndani kuna dawa mbili, artemether inaua vimelea wengi kwa haraka ila inatoka mwilini ndani ya masaa, lumefantrine inakaa siku kadhaa inamalizia waliobaki, na hiyo lumefantrine bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Muuzaji hajataja hata moja, na hajakudanganya hata kidogo. Ukimuuliza "kwa nini lazima chenye mafuta?" anakupa kipande kinachofuata. Ukiuliza "mbona nimepona siku ya pili kwa nini niendelee?" anakupa kingine. Elimu inakuja kwa kadiri unavyoiomba, na kila kipande kinasimama chenyewe bila kukivunja kilichotangulia.

Hapo ndipo penye kipimo kwa mtaalamu anayeogopa kurahisisha. Jiulize, huyu mtu akija kujifunza zaidi baadaye, atakuta nilichomwambia kimeongezewa au kimefutwa? Kikiongezewa ulifanya vizuri. Kikifutwa ulimdanganya, hata kama nia ilikuwa nzuri.

Na hiki kipimo ndicho kinachonifanya niseme kuna kosa lingine baya zaidi ya istilahi ngumu, nalo ni uhakika wa uongo. Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, na kumbuka miezi michache tu nyuma serikali hiyohiyo ilikuwa inaambia watu chanjo za korona ni za kutiliwa shaka. Magrupu yakawaka moto. Swali lililokuwa linarudi kila siku lilikuwa moja, eti inagandisha damu? Na wataalamu wengi niliowasoma walijibu kwa namna mbili, wengine walitupia makala ndefu ya Kiingereza, wengine wakasema "chanjo ni salama kabisa, acheni upotoshaji".

Ile "kabisa" iliumiza watu sana. Kwa sababu mtu alikuwa anaingia Google dakika moja anakuta Marekani wenyewe walisimamisha chanjo hiyohiyo tarehe 13 Aprili 2021 kwa ajili ya damu kuganda, tena ni habari ya kweli, imethibitishwa na mamlaka zao. Sasa yule mtaalamu aliyesema "kabisa" anaonekana ama hajui ama anaficha, na kuanzia hapo hata akisema jua linatoka mashariki mtu anaenda kuhakikisha dirishani.

Kumbe ukweli wenyewe ulikuwa unatosha, na ulikuwa mzuri kuliko kile kibandiko cha "salama kabisa". Ungeweza kusema: ndiyo, lipo, ni nadra sana. Marekani walisimamisha baada ya kuona wanawake 6 wenye tatizo hilo wakati dozi zaidi ya milioni 6.8 zimeshatolewa, wakachunguza, baada ya siku kumi wakaendelea. Dalili za kuangalia ni kichwa kuuma sana, tumbo kuuma, mguu kuuma au kukosa pumzi ndani ya wiki tatu baada ya kuchanjwa, ukiona hivyo wahi hospitali na uwaambie umechanjwa. Mtu akisoma hivyo anajua ukubwa wa jambo, anajua afanye nini, na anajua kwamba anayeongea naye hamfichi.

Na kuna faida nyingine ambayo inaonekana baadaye. Hesabu ilibadilika. Kufikia mwisho wa Agosti 2021 Marekani walikuwa wamehesabu wagonjwa 54 kwenye dozi kama milioni 14, yaani karibu wanne kwa kila milioni, juu ya ile ya mwanzo. Aliyesema "nadra sana, wanaendelea kuhesabu" anaongeza tu namba mpya na anabaki mkweli. Aliyesema "salama kabisa" hana pa kwenda. Wanne kwa milioni ni ngapi? Dar es Salaam nzima kwa sensa ya 2022 ni watu 5,383,728, kwa hiyo ungewachanja wote, mpaka watoto, ungetegemea kupata watu kama ishirini. Hiyo namba mtu wa Mbagala anaielewa. Anaweza akasema bado ni wengi, anaweza akasema ni wachache, lakini sasa anaamua akiwa na kitu mkononi, na hiyo ni haki yake.

Namba bila ukubwa wake ni hatari hata pale ambapo kila mtu ana nia njema. Oktoba 1995 Uingereza walitoa tahadhari kwamba vidonge fulani vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu, yaani vile vipya, vinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili kuliko vya zamani. Mara mbili! Magazeti yakaipokea hivyohivyo, wanawake wakaacha vidonge kwa wingi. Ilichomaanisha ni kwamba hatari ilikuwa imetoka karibu mwanamke 1 kwenye 7,000 kwenda 2 kwenye 7,000. Inakadiriwa mwaka uliofuata England na Wales zilikuwa na utoaji mimba wa ziada kama 13,000, na ujauzito wenyewe unagandisha damu kuliko vile vidonge. "Mara mbili" haikuwa uongo, ila ilikuwa ukweli usiokamilika, uliosemwa bila nusu yake ya pili. Kila nikiona posti inasema kitu fulani "kinaongeza saratani kwa asilimia 18" huwa nauliza, kutoka ngapi kwenda ngapi? Na nasikitika jinsi ambavyo aliyepost, tena ana shahada, mara nyingi hajibu.

Tutoke kwenye afya kidogo maana madaktari nimewaelemea, na wachumi nao wana deni. Kenya, kwa takwimu za KNBS, shirika lao la takwimu la taifa, mfumuko wa bei Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ukawa 2.7. Mchumi anapost hiyo 2.7 kwa furaha, mfumuko umeshuka, watu wanamshukia kama mwewe, "umeshuka wapi, njoo sokoni na mshahara wangu". Naye anajibu kwamba hamuelewi tofauti ya kiwango cha mfumuko na kiwango cha bei. Ugomvi unaishia hapo, kila upande umeona mwenzake ni mjinga.

Lakini wote wako sawa, na kuwaonyesha inachukua mistari mitatu. Chukua kikapu cha vitu kilichouzwa shilingi 1,000 Oktoba 2021. Oktoba 2022 kimepanda kwa 9.6, ni 1,096. Oktoba 2023 mfumuko ulikuwa 6.9, kimefika kama 1,172. Oktoba 2024 ni hiyo 2.7 inayosifiwa, na kikapu ni kama 1,203. Kwa hiyo kweli mfumuko umeshuka, na kweli mama anayenunua kikapu kilekile analipa mia mbili zaidi ya alizokuwa analipa, na kama mshahara haujasogea hayo maisha hayajawa rahisi hata kidogo. Kinachopungua ni kasi ya kupanda, bei hazijarudi. Huyu mama hakuhitaji kuambiwa haelewi. Alihitaji mtu aanze na anachokiona yeye, mfukoni mwake, halafu ampeleke kwenye takwimu, badala ya kuanza na takwimu na kumwambia macho yake yanamdanganya.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naliona mara nyingi. Mtu wa kawaida anapopinga mtaalamu, mara nyingi anakuwa anapinga kwa sababu kuna kitu amekiona. Bei aliiona. Ndugu aliyepimwa typhoid mara tano kwa mwaka na kila mara "anayo" alimuona. Jirani aliyeanza dawa za presha kisha akapooza alimuona, na kwake ni dawa ndizo zilimpoozesha. Ukimjibu "nenda kasome" umemwambia alichoona hakipo, na yeye anajua kipo. Ukimwambia "ulichoona ni kweli, jirani yako alianza dawa akapooza, hebu niambie alikuwa anazimeza kila siku au siku akijisikia vibaya tu?" umefungua mlango, na nusu ya nyakati jibu litatoka kwake mwenyewe. Presha haina dalili kwa watu wengi, ndiyo maana kati ya zaidi ya watu bilioni moja wenye tatizo hili duniani karibu nusu hawajui kama wanalo, kwa hiyo mtu anayemeza dawa kwa kusikiliza mwili wake anafanya kitu kinachoonekana cha akili kabisa. Kinahitaji kuelezwa kwa upole, kukicheka hakumponyi mtu.

Wanasheria nitawagusa kwa ufupi. Swali la kila wiki, nimenunua kiwanja, nimepewa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, niko salama? Jibu linaanza na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, linapita Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo, linaishia na "inategemea". Inategemea ni jibu la kweli, ila ni lazima limalizwe, inategemea NINI? Kimepimwa au hakijapimwa? Basi muulize hivyo. Kama kimepimwa na kina hati, mwambie muhuri wa mwenyekiti sio hati, kafanye upekuzi kwa msajili wa hati uone jina la nani limeandikwa na kama kuna mkopo wa benki juu yake, kabla hujatoa hela. Kama hakijapimwa, mwambie waziwazi hakuna hati ya kupekua, kwa hiyo kazi yako ni majirani wa mipaka yote, familia ya muuzaji, na mkataba ulioandaliwa na wakili. Namba ya sheria iweke mwisho kwa anayetaka kwenda kuisoma. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, sasa itakuwa ajabu mahakama ihamie kwenye Kiswahili halafu ushauri wa wakili kwenye simu ubaki kwenye Kilatini.

Kuna jibu moja ambalo wataalamu wanalikimbilia kwa sababu za kiusalama, "nenda hospitali", "tafuta wakili". Naelewa, huwezi kumtibu mtu usiyemuona, na baraza la taaluma lipo, na skrinishoti inaweza kutembea nchi nzima bila maelezo yaliyoizunguka. Hiyo tahadhari ni ya haki na mtu asiicheke. Ila "nenda hospitali" kwa mtu ambaye hana bima, nauli ni ya kukopa na kesho asubuhi ana genge la kufungua, ni sentensi inayomwacha na swali lilelile aliloanza nalo, leo usiku au naweza kusubiri Jumatatu? Unaweza kukataa kumwandikia dawa na bado ukamwambia dalili zipi hazisubiri, aende kituo cha ngazi gani, aombe kipimo gani, abebe nini. Hayo hayakufanyi umetibu mtu mtandaoni. Ni kumsaidia afike kwa daktari wake akiwa na maswali sahihi, na hela yake kidogo isiishie kwenye kipimo ambacho wewe mwenyewe usingekiamini.

Suala la wataalamu kusahihishana mbele za watu pia lina namna yake. Dokta wa pili akiona mwenzake kakosea jambo ambalo litamdhuru mgonjwa, aseme palepale, tena kwa kumtaja mgonjwa: "dada, naongeza kwenye alichosema dokta, hizo dawa msiache bila kumuona daktari". Akiona kakosea jambo la kitabuni ambalo halibadilishi kesho asubuhi mgonjwa afanye nini, basi hilo lina sehemu yake, wana magrupu yao ya kitaaluma, wakabishane huko mpaka alfajiri na mimi nitafurahi wakifanya hivyo maana ndivyo fani zinavyokua. Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu kushika jibu la aliyeuliza na wengine kumpa nafasi. Na nesi mstaafu, ambaye pale juu hakuandika neno lolote, kwa uzoefu wangu huyo ndiye anayejibu vizuri kuliko wote akipewa nafasi, kwa sababu miaka yote kazi yake ilikuwa kurudi kwa mgonjwa baada ya daktari kuondoka na kumwambia alichoambiwa kilikuwa na maana gani.

Na hili la mwisho ni ombi kwa vyama, sio kwa mtu mmoja mmoja. Maswali haya hayaishi na hayabadiliki sana, typhoid ya 1:160, UTI isiyoisha, dawa za presha ukianza unaacha lini, muhuri wa serikali ya mtaa, mfumuko umeshuka mbona bei hazijashuka. Daktari mmoja akilijibu mara ya hamsini lazima achoke, na uchovu wake ndio tunausoma kama dharau. Chama cha Madaktari kipo, Chama cha Mawakili kipo, vyuo vina wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta kazi za maana za kufanya. Wakae waandike majibu kumi ya maswali kumi, kwa Kiswahili cha kuongea, kila moja lisizidi urefu wa meseji moja ya simu, wampe kwanza muuza genge na dereva bodaboda walisome na waseme wameelewa nini, lirekebishwe, ndipo litoke na jina la chama ili mtaalamu yeyote akiulizwa saa tatu usiku alikopi alipesti alale. Na chini yake iandikwe tarehe, ili siku jibu likibadilika mtu ajue kama alilonalo kwenye simu ni la zamani.